Siku Mwalimu Alipoichoma Bendera

Sogea karibu, msomaji wangu, hasa wewe uliyepita shule za fagio la chelewa na kidumu cha maji. Nataka nikusimulie kisa kilichonirudia Ijumaa iliyopita hapa Dubai.

Tulikuwa sebuleni, kwenye fleti yetu ya Silicon Oasis. Rehema, binti wa Tanga anayehudumu mgahawani kule Marina, alituonyesha video ya vijana wa nchi ya mbali wakichoma bendera ya taifa lao.

"Hawa wafungwe, khalas, yaishe!" akasema.

Winnie, Mganda tunayeishi naye, ambaye kazi yake ni ulinzi, akamcheka. "Wewe, hata hujajua wanalilia nini, umeshawafunga?"

Wakanigeukia mimi, niliyewazidi umri, wanayeniita dada. Nikawasimulia hivi.

Sisi tuliokua enzi zile tuliijua bendera kwa miguu. Asubuhi ilipandishwa tukiwa mstarini, bado tunahema kwa mchakamchaka, harufu ya uji wa mahindi ikitutesa kutoka jikoni. Jioni ilipoteremshwa, filimbi ikilia, kila kiumbe kilisimama. Mwenye baiskeli alishuka. Uwanjani tuliganda, mpira ukaendelea kubingirika peke yake hadi kwenye majani. Mama alizoea kutuambia, "Simama, hata nzi akitua puani." Siku hizi kijana husimama tuli akipigwa picha tu, na hapo napo atauliza kama ametoka vizuri.

Mwaka nilipokuwa darasa la tano, bendera yetu ilichakaa. Upepo uliichana pembeni, na kijani chake kikafanana na maji ya kunde. Ilipofika mpya, Mwalimu Anastazia alituita nyuma ya ofisi. Alikuwa mwalimu wetu wa hesabu, na aliweza kutufundisha hesabu za sehemu, nusu na robo, kwa kukata muhogo wa kuchoma, bila fimbo. Akatuonyesha namna ya kuikunja ile kuukuu, akaiweka juu ya makaa, nasi tukaimba wimbo wa taifa polepole hadi ikaisha.

Moshi ule ulionwa na mwenyekiti wa kijiji, Mzee Kibwana, aliyekuwa akipita barabarani.

"Mwalimu! Unaichoma nchi?"

Kesho yake aliitisha mkutano uwanjani pa shule. Alitaka mwalimu aondolewe kijijini, na watu wengi walikuwa upande wake. Sisi watoto tulikaa mbele, chini, tumeshikana mikono. Tulijua akiondoka yeye tutarudi kwenye hesabu za viboko.

Mwalimu akaomba kusema. Mama mmoja akapayuka, "Hana la kusema huyo! Apande gari aende kwao!"

Mzee Kibwana akanyanyua mkono. Alikuwa bado amekasirika, mishipa ya shingo imemtoka, lakini alisema neno ambalo namheshimu kwalo hadi leo: "Nimemshitaki mimi. Basi mimi ndiye wa kwanza kumsikiliza. Kaeni kimya."

Mwalimu hakulia wala hakupaza sauti. "Mzee wangu," alisema, "msahafu ukichakaa, kurasa zikawa zinadondoka, mnaufanyaje?"

Mzee akajibu, "Tunauzika. Wengine huuchoma."

"Kwa chuki?"

"Astaghfirullah! Kwa heshima. Usije ukakanyagwa."

"Nami sikutaka bendera yetu iwe tambara la kudekia," akasema mwalimu. Kisha akaongeza jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. "Na hata kama ningeichoma kwa hasira, ingewapasa kuniuliza kwanza nimekasirishwa na nini."

Watu wakaguna. Mzee Kibwana alivua kofia, akajikuna kichwa, akacheka kwa pua. "Hilo la mwisho silipendi," alisema, "lakini umelisema mbele yangu. Mwalimu atabaki." Tukamrukia mwalimu wetu, tukamjaza vumbi gauni lote.

"Lakini dada," Rehema akaniambia pale sebuleni, "hawa wa kwenye simu wana hasira kweli."

Ni kweli. Nami nakiri, bendera ikiungua kwa hasira moyo huniuma. Yangu siwezi kuichoma hivyo. Ila kuipenda nchi nilifundishwa na watu wawili siku ile: mmoja aliyethubutu kusema, na mwingine aliyekuwa na uwezo wa kumnyamazisha akaamua kumsikiliza. Wakati ule hukumu ilingoja watu wafike, wakae chini, jua liwachome pamoja. Leo tunahukumu kwa kidole gumba kwenye simu tukiwa tumelala chali, na hakuna wa kunyanyua mkono atutulize. Nautamani uwanja ule wenye vumbi.

Kwa hiyo jioni hii, mtu wa nyumbani kwako akisema jambo linalokuudhi, mwache amalize, kisha ndipo umjibu.