Nozo na Blanketi

Shule sikukaa, lakini miaka ya hamsini, trekta za dizeli zilipoingia mashamba ya Njoro, hakuna injini iliyonishinda kutoka Longonot hadi Molo. Siku moja niliitwa kwa shamba la mzungu. Trekta mpya iliyovuta mashine ya kuvuna ilikuwa imezima katikati ya ngano, na mawingu yameshika Menengai. Dereva alikuwa ameambiwa ngano ikinyeshewa, afunge mizigo.

Nilifungua nozo, ile inayorushia dizeli ndani ya injini kama ukungu. Vitundu vyake vyembamba vilikuwa vimezibwa na nyuzi za sufu.

“Dizeli unachuja na nini?” nikamuuliza dereva.

“Na blanketi safi, fundi. Ile trekta ya zamani ya mafuta ya taa haikuwahi kulalamika.”

“Ile ilikuwa inakula kama nguruwe, bwana! Hii inachagua.”

Nikasafisha nozo na tangi, nikatia dizeli iliyotulia pipani, uchafu ukiwa umezama chini, nikatoa hewa kwenye mipira ya kupitishia dizeli. Injini ikanguruma. Dereva akarukia kitini bila kuniaga. Chai niliyoletewa sikuinywa. Nilizunguka ukingoni mwa shamba, sikio kwa injini, mpaka akakata mstari wa mwisho na matone yakaanza.