Siri Iliyokuwa Mimi

Mwanamke ninayemwita dada ndiye aliyenizaa. Alinipata akiwa bado shuleni, na mama yake akanilea kama kitindamimba wake. Nyumbani jambo hilo hatukulizungumza. Nililijua nikiwa kidato cha pili, kutoka kwa shangazi mmoja aliyekuwa na hasira, nikalimeza.

Dada alisoma, akaolewa Kakamega mjini, akafungua duka la mbegu, halafu akachaguliwa mwakilishi wa wadi yetu huku upande wa Malava. Akiwa katika bunge la kaunti, ikaletwa hoja ya kumkodishia tajiri mmoja uwanja wa soko letu, pale akina mama wanapouzia mboga na kuku. Yeye aliipinga waziwazi.

Alikuja nyumbani mchana mmoja bila kupiga simu. Nilikuwa jikoni nachambua mboga ya mrenda. Akavuta kigoda, akaanza kunisaidia, viatu vya ofisini bado miguuni.

"Mwenzangu mmoja wa bungeni amekuja kuniona," akasema. "Alizima simu yake, akaniomba nami nizime yangu. Anasema nikiendelea kupinga ile hoja, watu wataambiwa wewe si mdogo wangu."

"Najua mimi ni nani kwako," nikamwambia. "Nimejua kitambo."

Alilia kimya kimya, majani ya mrenda mkononi. Mimi nilishikwa na hasira. Watu ambao hawajawahi hata kunisalimia walikuwa wamekaa mahali wakanijadili, wakaona natosha kununua kura moja.

"Ukitaka niikubali hoja yao, nitaikubali," akasema. "Soko ni la watu. Wewe ni wangu."

Nilikuwa nimelingojea neno hilo miaka mingi, na likaja kwa njia hiyo. Nikamwambia aende akapinge. Wakilipwa leo kwa siri hii, kesho watarudi nayo.

Mama aliyenilea aliporudi kutoka shambani tulimweleza, na kwamba tunataka kuisema siri wenyewe kanisani kabla hawajaisema wao. Akaegemeza jembe ukutani. "Semeni," akasema. "Lakini msitake nikae pale nisikilize."

Jumapili dada alisimama kanisani wakati wa matangazo, nami nikiwa kando yake, akasema yote: kwamba alinizaa, na kwamba alikuwa ametishwa. Wengine walipiga makofi, wengine wakatazama sakafu. Wiki hiyo akapiga kura ya kupinga, na hoja ikaanguka.

Nilidhani yameisha. Yule mheshimiwa aliyemtisha akaenda redioni na, kwa sauti ya upole, akauliza ushahidi uko wapi. Akasema dada ndiye anayewatisha wenzake, anawapaka matope ili wamwogope. Ushahidi hatukuwa nao. Sokoni, mwanamke mmoja akaniuliza huku akinifungia nyanya, "Kweli alitishwa, ama alitaka tu kuhurumiwa?" Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mtu aliyepigwa ana jeraha la kuonyesha, aliyetishwa kwa siri yake ana maneno yake tu, na maneno hayo hayo aliyemtisha anaweza kuyageuza yakawa rungu.

Uchaguzi uliofuata dada alishindwa. Alilipokea jambo hilo vizuri kuliko nilivyotarajia, akarudi kwenye duka lake la mbegu. Aliyeumia zaidi alikuwa mama. Wenzake katika chama cha akina mama cha kanisa walitaka kujua kwa nini aliwadanganya miaka yote ile, wakamwondoa kwenye uenyekiti. Hakujitetea. Aliacha kwenda.

Baada ya miezi kadhaa wanawake wawili walikuja kumwomba arudi. Akawapikia chai, wakazungumza habari za mvua na mahindi, hata wakacheka. Walipoondoka nikamuuliza kama ataenda.

"Nimewasamehe," akasema, akikusanya vikombe. "Lakini kukaa nao tena ni jambo lingine."

Sasa anasali kanisa la ng'ambo ya mto, kwenye benchi la nyuma. Jumapili nikiwa nyumbani humsindikiza, na njiani huwa tunaongea mambo mengine kabisa, ile siri hatuigusi.