Uji wa Nambozo

Kwaru, kwaru: jiwe juu ya jiwe. Ndivyo ua wetu wa Namakwekwe ulivyoamka mwaka ule baada ya vita, Nambozo akiwa amepiga magoti, anasaga wimbi.

Mwanawe Masaba alikuwa amerudi kutoka Jinja na mkewe Kulusumu, binti wa mwanajeshi wa kambi ya Kimaka, wa upande ulioshindwa, pamoja na mtoto wao Nasuru. Nasuru alikuwa na mwaka na nusu na hajasimama. Miguu ilikuwa imevimba, nywele zimefifia zikawa rangi ya kutu.

Kulusumu alimpikia uji wa unga mweupe alioupangia foleni. Nyumbani aliuchekecha tena mpaka ukalainika kama poda, akautia sukari. Pumba aliwamwagia kuku. Wilkista, jirani, aliona.

"Mama Nasuru, kuku wako wananenepa," alisema akicheka. "Mtoto unampa chaki?"

Nambozo hakucheka. Alimweleza mkamwana wake kwamba nguvu ya nafaka imo katika ganda lile linalotupwa, na kwamba mtoto anahitaji karanga, mboga za majani, na mukene, wale dagaa wa ziwani. Kulusumu alikataa. Unga wenye pumba, alisema, ndio baba yake aliolishwa kizuizini vita vilipokwisha, na aliapa mwanawe hataonja chakula cha mahabusu.

"Sikulazimishi, mwanangu," Nambozo alisema. "Lakini huyu anashiba na bado anakwisha."

Kulusumu aliitazama miguu ya mtoto iliyovimba, akaingia ndani. Jioni alikuja na mtoto, akamweka mapajani mwa bibi yake, akageuza uso.

Nambozo alipika uji wa wimbi lisilochekechwa, akakoroga karanga zilizotwangwa na unga wa mukene. Alikunywa yeye kwanza, Kulusumu akimtazama kwa pembe ya jicho, kisha akamlisha mjukuu polepole. Nasuru alitema mara mbili. Mara ya tatu alishika mkono wa bibi, asiuachie.

Wiki zikapita. Uvimbe ulishuka, ngozi ikang'aa. Asubuhi moja, kabla ya Masaba kwenda sokoni, mtoto alijishikilia kwenye busuti, gauni refu la Nambozo, akasimama. Masaba alisahau kuvaa kiatu cha pili.

Kulusumu alipiga magoti mbele ya mama mkwe wake, akaanza kuomba radhi. Nambozo alimimina uji katika bakuli la pili, akalisogeza kwake, na kusema kwa sauti ya chini sana:

"Wewe pia umekonda, mwanangu. Kunywa."