Mgomba Uliopinda Kona

Kosa nitakalolisimulia ni kiburi, na si kile cha wenye vyeo. Ni kiburi cha mpita njia anayeamini kwamba, kwa kuwa yeye anawaona wengine, basi nao wanamwona.

Juma lililopita nilirudi Nyaishozi. Kwenye mteremko uelekeao Omurushaka barabara imepanuliwa. Nilisimama pembeni kwa muda, nikitega sikio kusikia mngurumo wa magurudumu ya mti, lakini haukuja. Kama ulikulia huko, ndugu msomaji, unaikumbuka baiskeli ya mti: chombo kifupi kilichochongwa kwa shoka, kisicho na pedeli wala kengele, ambacho vijana wa miaka ile ya hamsini walikipakia mikungu ya ndizi wakateremka nacho wameinama, kisigino kikiburuzwa chini badala ya breki.

Bibi yangu alikuwa na sheria moja isiyojadiliwa: "Ndizi za ukweni haziendi uchi." Mkungu wa wakwe ulifunikwa majani mabichi ya mgomba na kufungwa mpaka usionekane. Kwa adabu hiyo, asubuhi moja ya miaka ile kaka yangu, akisukuma baiskeli yake ya mti kuelekea ukweni, aligeuka kichaka cha kijani katikati ya migomba ya kijani iliyoinamia barabara pande zote mbili. Ukungu ulikuwa umelala mteremkoni. Nami nilimfuata kwa miguu, kibuyu cha rubisi kichwani, pombe ile ya ndizi ikininukia utamu wake mkali.

Kileleni tulimkuta jirani yetu, mjane mfugaji, akivusha ndama wake. Alikuwa amejitanda shuka nyeupe.

"Shikamoo, mama," kaka alimwamkia.

"Marahaba. Unakwenda wapi na shamba zima?"

"Ukweni."

"Basi chukua shuka hii uitundike nyuma. Malori ya kahawa yameanza kupita, na dereva ataona mgomba tu."

Kaka alicheka. "Mama, nikifika na nguo inaning'inia, wakwe watasema nimekuja kufua! Mbona barabara yote naiona?"

"Sikukuuliza unachokiona wewe."

Akasukuma, akarukia, ukungu ukammeza. Mngurumo wake ulikuwa bado unasikika ndama walipoinua masikio. Lori lilitokea nyuma yetu, limejaa magunia, likishuka kwa kasi. Kaka asingeweza kulisikia. Magurudumu yake mwenyewe yalimziba masikio. Mjane aliivua shuka, akaingia katikati ya barabara na kuitandaza kwa mikono miwili. Dereva alipiga honi. Mjane hakusogea. Lori liliyumba, likakwaruza ukingo, likasimama. Lakini lilisimama likiwa limekwisha kumkanyaga.

Dereva alishuka. "Mama huyu alikuwa anataka nini?" aliniuliza. Nilinyoosha kidole kuelekea chini.

Alikodoa macho. "Pale hapana kitu. Ni migomba."

Ukungu ukapasuka kidogo, na mmoja wa migomba ile ukapinda kona. Dereva akakaa chini palepale, barabarani, akajifunika uso.

Kaka alipokewa kwa vigelegele, na majani ya mkungu wake hayakuwa yamechanika hata moja. Habari zilimkuta akila. Nasikia aliweka tonge chini, akauliza kama shuka ilikuwa imepatikana. Ilipatikana. Ndiyo tuliyomzikia mjane.

Leo baiskeli za mti zimetoweka, bibi ametutoka, na malisho ya mjane yamelimwa maharage. Majani ya mgomba yangali yakifunika ndizi za ukweni, nami sina ugomvi na adabu hiyo. Lakini kaka hakupanda tena chombo chochote bila kitambaa cheupe nyuma yake. Vijana walimcheka mpaka uzeeni, naye aliwaacha wacheke. Alipompata binti yake wa kwanza, ukoo mzima ulitarajia aitwe kwa jina la bibi. Kaka alisimama mbele ya wazee, akampa mtoto jina la jirani yetu: Kokuhirwa.