Jino la Juu la Mwanaidi

Siku yangu ya kwanza zahanatini Bagamoyo, Bwana Mganga Msaidizi alinikabidhi koleo la meno nilichemshe. Likaniponyoka, likaanguka sakafuni. Akaniuliza kama nimekuja kazini au ngomani. Nyinyi mnaosomea unesi leo, ganzi iko tele, hamjui tulivyokuwa tukiogopa. Kazi ya mhudumu wa kike ilikuwa kuchemsha vyombo, kukunja bendeji, na kumshika mgonjwa kichwa asifurukute.

Nilipelekwa Saadani, kisha nikarudishwa Bagamoyo chini ya Mganga mwingine, mtu mkali lakini si mbaya. Huyu ndiye aliyenifundisha kwamba jino la utoto halitaki koleo. Mzizi wake huliwa polepole na jino la ukubwani linalokuja nyuma yake, mwisho linabaki linaning'inia kwenye fizi. Pamba na vidole viwili vinatosha. Ukimwambia mtoto akalitupe paani panya amletee jipya, mara nyingi atalitoa mwenyewe.

Mwanaidi hakutaka kusikia habari za panya. Bibi yake alimleta kutoka Fukayosi, umri wake kama miaka saba, kafumba mdomo na homa inamchoma. Hali wala hasemi, alisema bibi, kutwa kidole gumba kimebana mdomo wa juu. Nilimbembeleza nyuma ya pazia mpaka akaninong'oneza kwamba jino lake la juu ndilo lililoanza kulegea. Likitoka, watu watajua kuwa yeye ni kigego, na mama yake atakufa.

Kigego, kwa msioijua habari hiyo, ni mtoto aliyeota meno ya juu kabla ya ya chini. Wazee wetu waliamini anawamaliza wazazi wake, na zamani wengine walitupwa porini. Bibi alikuwa akisimulia mambo hayo jikoni, wala hakumkusudia mjukuu. Nilimweleza mtoto kwamba hayo ni ya kuota, kung'oka hakumo. Akatikisa kichwa. Alikuwa amelishindilia jino lisitoke hata fizi ikatunga usaha, na shavu lilikuwa limeanza kuvimba.

Bwana Mganga alipomtazama, uso ukambadilika. Akalichukua koleo.

"Mshike kichwa," akaniambia. "Usaha huu ukipanda usoni, tutamkosa huyu."

Mtoto akaliona koleo, akajikojolea. Nami niliogopa vilevile, maana nilijua neno moja tu ambalo lingemfungua mdomo, na neno hilo baba yangu alituhamisha kutoka Pangani ili lisijulikane. Nani angekubali nimguse mwanawe baada ya hapo? Lakini nilimwona anavyotetemeka. Nikapiga magoti.

"Mwanaidi, mimi ndiye kigego. Niliota ya juu kwanza. Nitazame."

Nikaachama. Akanikodolea macho. Bibi alikuwa amesimama penye pazia, amesikia yote, na nikamwona anarudi nyuma hatua moja.

"Na mama yako?" akauliza bibi.

Mtoto alinitazama bila kupepesa. Mama yangu alikufa kabla sijajua kusimama dede. Sikumjua hata sura.

"Mama hajambo, bibi," nikasema. "Yupo nyumbani, anasuka ukili."

Mwanaidi akafungua mdomo. Jino lilitoka na pamba, likifuatwa na usaha na damu, nikamsukutulisha maji ya chumvi. Bwana Mganga akalirudisha koleo kwenye maji ya moto. Bibi alilifunga jino kwenye pindo la kanga yake, akanitazama, kisha akaniambia nimsalimie mama.

Kwa majuma mengi nilingoja watu waanze kunikimbia. Hakuja wa kunisema. Alikuja Mwanaidi, msimu wa mavuno, jino jipya limeanza kuchungulia, kabeba kikapu cha mchele. Bibi kasema ni wa mama yangu. Niliupokea kwa mikono miwili, nikaupika, nikaula peke yangu. Akaja nao mwaka uliofuata, na mwingine.

Nimezaa watoto watatu. Kila mmoja alipoanza kutokwa udenda nilikuwa nikimpekua ufizi peke yangu, mlango nimeukomea, roho mkononi, mume wangu asinione. Wote waliota ya chini kwanza. Msinicheke. Nimefunga vidonda vya watu maisha yangu yote, na ile hofu bado ninayo, hata sasa nimestaafu na meno yenyewe yamebaki ya kuhesabu.

Juma nililoacha kazi, Mwanaidi alikuja na kikapu chake, naye sasa ni mama wa watu. Alisema bibi, kabla ya kufariki, alimuusia asikatishe mchele ule maadamu mama yangu yu hai. Kisha akaniuliza taratibu, macho yake yaleyale ya nyuma ya pazia, kama mama bado yupo.

Kule Pangani wapo waliowahi kusema nilimuua mama yangu mara moja. Kumuua mara ya pili sikuweza.

"Yupo, mwanangu," nikamwambia. "Anakusalimu."