Viwiko Vyangu na Chapati za Mesi

Nilikuwa mpishi katika mesi ya shamba la ngano la serikali, kule Hanang, na nilijulikana kwa chapati. Kisha nikajulikana kwa viwiko. Mabaka mekundu yenye magamba meupe yalitokea viwikoni na magotini, na kila nilipojikuna, chenga zilidondoka kama unga.

Msimamizi wa mesi, mtu aliyependa kuhubiri usafi kuliko kunawa, akaniita ofisini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ndugu mpishi, wafanyakazi wanalalamika."

"Wanalalamikia chapati?"

"Chapati wanazimaliza. Wanalalamikia mikono."

Nikahamishiwa kushona magunia ya ngano yaliyochanika. Nadhani waliona heri niambukize taifa zima kuliko madereva wa trekta peke yao.

Mganga wa zahanati alinitazama nikiwa bado mlangoni, akatambua choa. Macho yake yalikuwa makali mno. Nilipaka dawa yake kwa utii miezi minne. Iliniwasha vizuri sana, na mabaka yakanenepa. Nilipomrudia akasema, "Hupaki sawasawa," akaniongezea kopo la pili.

Mume wangu naye akahamia kwenye mkeka, akidai kwamba anakoroma na hataki kunisumbua. Katika miaka sita ya ndoa sikuwahi kumsikia akikoroma. Siku hiyo nililia, nikafunga safari kwenda kwa mama yangu, kijijini Nambis, naye akanipeleka hospitali Mbulu.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo. Alinishika kiwiko kwa mikono mitupu. Sikuwa nimeshikwa hivyo kwa miezi mingi, hata swali lake la kwanza sikulisikia. Akakwangua gamba kidogo, akakagua kucha zangu zilizokuwa na vishimo vidogo.

"Hii ni soriasisi, mama. Haiambukizi. Siwezi kukuahidi kwamba itaisha kabisa, lakini tutaituliza."

Akanipa tyubu ya dawa na kunionyesha: kidogo tu, safu nyembamba, asubuhi na jioni, juu ya mabaka, usoni hapana. Vaselini kila siku ngozi isikauke. Nirudi baada ya wiki nne anitazame, nisiendelee kupaka kwa kujiamulia. Mwisho akaniandikia barua ya kazini.

Wiki ya tatu magamba yalikuwa yamepukutika, yakabaki madoa bapa yaliyofifia. Daktari aliponiona tena na kupunguza dawa, nikarudi shambani. Mume wangu akapona kukoroma bila tiba yoyote.

Msimamizi aliipokea barua kwa leso. Akaisoma mara mbili, kisha akaianika dirishani, juani.

"Kwa hiyo haiambukizi?"

"Ndivyo daktari alivyoandika, mzee."

"Na mimi nimezikosa chapati zako muda wote huo," akasema, kana kwamba mimi ndiye niliyepaswa kuomba radhi. Kesho yake nikarudishwa jikoni. Sayansi ilisaidiwa kidogo na mpishi aliyeshika nafasi yangu, ambaye chapati zake zilikuwa ngumu kama soli.

Baridi ya Juni ilipoingia na upepo wake, mabaka yakarudi. Nikamwona daktari, nikapaka tena kama alivyonifundisha, nikaendelea kukanda unga. Wiki hiyo dereva mmoja wa trekta, mtu wa Dirma, alibaki mesi wenzake walipotoka. Akapandisha suruali, akanionyesha magoti yake, kisha akaomba nimwazime tyubu yangu.

Nikamkatalia. Nikamwekea chai, nikamweleza ni siku gani daktari yule huona wagonjwa wa ngozi, na basi la Mbulu linapita saa ngapi.