Kura Elfu Tatu za Ijumaa Kuu

Asnakech alikuwa na mkono wa tarizi ambao hata mahasimu wake pale Shiro Meda, soko la nguo za kijadi la Addis Ababa, waliusifu, ingawa kwa kinyongo. Mumewe Dalga alifuma pamba, yeye akapamba misalaba kwenye pindo. Lakini Kwaresima ile hawakuuza kitu, na Dalga alikuwa ameshaapa: isipopatikana kazi ya harusi baada ya Pasaka, anauza kitanda chake cha kufumia, anakwenda kulinda ghala la watu.

Tumaini lilibaki moja. Etiye Tsedale, kama watu walivyomwita kwa heshima, mama mwenye kuozesha binti, alitangaza kwenye kundi la mtandaoni la magauni ya kijadi kwamba atachagua fundi jioni ya Ijumaa Kuu. Picha za pale hupigiwa kura, na yenye kura nyingi hupanda juu. Ya Asnakech ilikuwa na kura tano, imezama chini huko.

"Tano!" Bisrat, mwenye duka la simu, alimcheka. "Hao si ni shangazi zako tu? Dada yangu, kura siku hizi hazisubiriwi, zinanunuliwa. Nina mashine inapiga yenyewe."

"Hawatajua?"

"Nani ajue? Kila kura ina jina lake na sura yake."

Akalipa. Msimcheke, mtu aliyeona wanunuzi wakikigonga-gonga kitanda cha mumewe hana akili ya kutosha kukataa.

Ijumaa Kuu akaenda kanisani kama mji mzima, akasujudu tangu asubuhi, tumbo tupu, simu ameizima. Alasiri padri alipita na tawi la mzeituni akiwauliza watu makosa yao.

"Una nini, mwanangu?"

"Umbeya, Baba."

Padri akamgusa mgongo kwa majani, akamwongezea sujudu. Zile kura Asnakech alizimeza, hakuzitaja.

Nje akawasha simu. Picha yake ilikuwa juu kabisa, kura elfu tatu! Hajamaliza kufurahi, simu ikalia.

"Asnakech? Mimi Tsedale."

"Abee, Etiye!"

"Leo saa sita mchana ulikuwa wapi?"

"Kanisani, Etiye. Nasujudu."

"Hata mimi. Na Waislamu walikuwa kwenye swala yao ya Ijumaa. Sasa hawa elfu tatu wako wamepiga kura saa sita hiyo hiyo, imeandikwa hapa. Ni watu wa dini gani?"

Angeweza kusema hajui. Ulimi ulikataa.

"Nilizinunua, Etiye."

"Ulikuwa na kura tano, mwanangu. Moja yangu, moja ya bibi harusi. Juzi aliniambia, mama, usitafute tena."

"Nisamehe, Etiye, nakuomba..."

"Nimekusamehe, leo ndiyo siku ya kusamehe. Lakini wakwe wa binti yangu ndio walionionyesha, wanacheka mpaka sasa. Nitawaambia nini wakiona gauni ni lako?"

Akakata simu.

Dalga alikuwa akimngoja getini, shuka limejaa vumbi la kusujudu. Alimwona mkewe na simu mkononi, akaja mbio.

"Vipi? Amekuchagua?"

Asnakech alijaribu kumtazama, akashindwa.

"Alikuwa amenichagua," alisema.